Hitilafu za waya na shoti kwenye magari: Mambo ya kujua kwa wasafirishaji wanaopita Jinja

Wafanyabiashara na madereva wanaotumia barabara kuu kati ya Kampala na mipaka ya Malaba na Busia hupoteza muda na fedha kutokana na hitilafu za umeme wa magari, ingawa nyingi kati ya hizo zinaweza kugunduliwa kabla ya safari kuanza.

Tairi likipasuka kila mtu huliona, lakini hitilafu ya waya hujificha. Gari huwashwa asubuhi bila shida, taa zote zinawaka, na saa chache baadaye linazimika barabarani usiku likiwa na mzigo wa mteja. Baya zaidi ni pale umeme wote unapokatika, kwa sababu lori linabaki barabarani bila taa ya nyuma wala indiketa, na anayekuja nyuma yake hulitambua akiwa amechelewa kufunga breki.

Mtaa wa Nalufenya, ulioko upande wa magharibi wa jiji la Jinja, si mbali na madaraja ya Mto Nile, ni mahali ambapo dereva mwenye dalili za hitilafu analazimika kuamua. Anayetoka Kenya na mzigo amebakiza takriban kilomita 80 kufika Kampala, lakini mbele yake kuna msitu wa Mabira. Anayeelekea mpakani bado ana Iganga, Bugiri na Tororo. Anayekwenda Mbale ataacha barabara kuu pale Nakalama, baada ya kupita Iganga, na kushika njia ya Tirinyi. Kwa wote watatu swali ni moja: asimame atengeneze wakati bado yuko mjini penye mafundi, au abahatishe?

Uamuzi huo ni rahisi zaidi kwa mtu anayejua hitilafu aliyo nayo ni ya aina gani.

SI KILA HITILAFU NI SHOTI

Umeme wa gari hutoka upande wa chanya wa betri, hupita kwenye fyuzi na swichi, hufika kwenye taa au mota, kisha hurudi upande wa hasi wa betri kupitia chuma cha gari, yaani bodi au chasi. Waya wa kurudi unaofungwa kwenye bodi ndio mafundi wengi wanaouita erthi. Njia hiyo ikiwa kamili, taa inawaka.

Watu wengi huita kila tatizo la umeme "shoti", lakini kuna hitilafu nne tofauti na kila moja ina tiba yake:

- Waya uliokatika. Umeme haufiki kabisa. Taa haiwaki, lakini fyuzi ni nzima.
- Shoti. Waya wenye umeme umechubuka na kugusa chuma cha gari kabla umeme haujafika kwenye taa. Fyuzi inaungua mara moja au kila baada ya muda mfupi.
- Muungano mbovu. Waya umeshika lakini una kutu, umelegea au umebaki nyuzi chache. Taa inafifia, stata inazunguka kwa uvivu, na mahali pa muungano panapata joto.
- Uvujaji. Kifaa fulani kinaendelea kula umeme hata gari likiwa limezimwa. Asubuhi betri haina nguvu.

Hatari ya shoti inaeleweka kwa hesabu ndogo. Balbu ya taa kubwa ya wati 55 kwenye gari la volti 12 hutumia ampea 4.6 hivi. Kwenye lori la volti 24, balbu ya wati 70 hutumia karibu ampea 3. Balbu yenyewe ndiyo inayozuia umeme usipite kwa wingi. Waya ukigusa bodi kabla ya balbu, hakuna tena cha kuuzuia, na betri ya gari ina uwezo wa kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Waya mwembamba hauwezi kuhimili kiasi hicho. Plastiki yake inayeyuka, inaunguza nyaya za jirani, na moto unaanza.

FYUZI INALINDA WAYA

Kazi ya fyuzi ni kukatika kabla waya haujapata moto. Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika barabarani. Fyuzi ya ampea 10 inapoungua mara mbili, dereva huweka ya 30, au hufunga karatasi ya sigara ya rangi ya fedha, au huchomeka kipande cha waya. Taa inawaka na safari inaendelea. Lakini joto kwenye waya huongezeka kwa kasi kuliko umeme wenyewe: umeme ukiongezeka mara 3, joto huongezeka mara 9. Waya uliotengenezwa kwa ampea 10 sasa unaruhusiwa kubeba 30 na hakuna kitu cha kuuokoa.

Fyuzi za kisasa za bapa zina rangi zinazofanana kwa watengenezaji karibu wote, na dereva anashauriwa kuzikariri:

- Ampea 5: kahawia iliyopauka
- Ampea 7.5: kahawia
- Ampea 10: nyekundu
- Ampea 15: bluu
- Ampea 20: njano
- Ampea 25: nyeupe inayopenya mwanga
- Ampea 30: kijani

Kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi huandikwa kila moja inahudumia nini. Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani yana maandishi ya Kijapani. Mwenye gari anaweza kumwomba fundi amtafsirie mara moja, kisha abandike karatasi yake ya Kiswahili au Kiingereza ndani ya kifuniko. Kazi hiyo haichukui nusu saa na inaokoa usiku mzima wa kubahatisha.

KWA NINI MAGARI YA UKANDA HUU YANASUMBUA

Sababu ya kwanza ni umri. Magari mengi ya Afrika Mashariki huingia yakiwa yametumika. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Uganda, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2018, ilizuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikuweka marufuku ya namna hiyo bali hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya zamani. Plastiki ya nyaya zilizo karibu na injini hukauka kwa miaka hiyo, huwa ngumu na hupasuka inapokunjwa. Gari linaweza kuwa na injini nzuri na rangi safi huku nyaya zake zikiwa zimechoka.

Sababu ya pili inashangaza wengi: redio. Masafa ya FM ya Japani yalipangwa kuanzia 76 hadi 90, wakati vituo vya Uganda, Kenya na Tanzania viko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo karibu kila gari la Kijapani hubadilishwa redio au hufungwa kifaa cha kuongeza masafa mara tu linapofika. Pale ndipo nyaya za kiwandani hukatwa kwa mara ya kwanza. Baadaye huja king'ora cha wizi, kisha kifaa cha kufuatilia gari, kidhibiti mwendo, taa za ziada na chaja ya simu. Kila fundi huchubua waya mahali pake, husokota na kufunga utepe. Baada ya miaka mitano, nyuma ya dashibodi kuna tumbo la nyaya ambalo hakuna mtu mmoja anayelijua lote.

Sababu ya tatu ni mazingira ya kazi. Vumbi na mtikisiko hulegeza miungano. Maji yanayopigwa kwa mashine wakati wa kuosha injini huingia kwenye soketi na kuacha kutu ya kijani kwenye shaba. Panya nao wana sehemu yao. Lori linalobeba mahindi au kulala karibu na maghala ya nafaka huvutia panya, na wakiingia kwenye injini hutafuna nyaya.

Sababu ya nne ni kulehemu. Bodi za malori hulehemiwa mara kwa mara. Fundi asipoondoa vichwa vya betri, umeme wa mashine ya kulehemu unaweza kupita kwenye nyaya na kompyuta ya gari. Pia cheche zikiangukia fungu la nyaya lililopita chini ya bodi, huyeyusha plastiki bila mtu kuona. Shoti inajitokeza wiki mbili baadaye, na hakuna anayekumbuka kazi iliyofanyika.

JINSI YA KUTAFUTA SHOTI BILA KUBAHATISHA

Kubadilisha fyuzi tena na tena ni gharama na hakuoneshi tatizo liko wapi. Njia inayotumiwa na mafundi wenye uzoefu ni taa ya majaribio, yaani balbu ya indiketa ya wati 21 iliyoungwa nyaya mbili. Balbu hiyo kwenye volti 12 hupitisha ampea zisizofika 2, kiasi ambacho hakiwezi kuunguza waya. Kwa lori la volti 24 hutumika balbu ya volti 24.

Hatua ni hizi:

1. Fyuzi iliyoungua inaondolewa, na nyaya mbili za taa ya majaribio zinawekwa kwenye matundu mawili ya fyuzi hiyo.

2. Vifaa vinavyotegemea fyuzi hiyo vinachomolewa. Kama ni fyuzi ya taa za nyuma, balbu zote za nyuma zinatolewa, pamoja na plagi ya trela.

3. Swichi ya taa hizo ikiwa imezimwa, taa ya majaribio inaangaliwa. Ikiwaka kwa nguvu, shoti iko kati ya fyuzi na swichi. Kama haiwaki, swichi inawashwa. Ikiwaka sasa, shoti iko baada ya swichi.

4. Fungu la nyaya linatikiswa kidogo kidogo kuanzia sanduku la fyuzi kwenda nyuma. Mahali ambapo taa ya majaribio inacheza au kuzimika ndipo penye mchubuko.

5. Ikiwa kutikisa hakusaidii, soketi zinachomolewa moja moja kuanzia mwisho wa gari kuja mbele. Soketi ambayo ikichomolewa taa inazimika ndiyo inayoelekea kwenye sehemu mbovu.

Mahali pa kuangalia kwanza ni pale waya unapopita kwenye tundu la chuma, unapokunjwa kila siku kama kwenye bawaba za mlango na buti, karibu na bomba la moshi, na chini ya zulia la dereva. Tundu la chuma linatakiwa kuwa na mpira wa kulinda waya. Mpira ukianguka, chuma hukata plastiki polepole kwa mtikisiko.

Kuna jambo moja la kuzingatia. Kwenye baadhi ya magari ya Kijapani, hasa Toyota, swichi ya taa kubwa hukata upande wa kurudi badala ya upande wa chanya. Waya wa kurudi ukichubuka na kugusa bodi, fyuzi haiungui, bali taa hubaki zinawaka hata swichi ikizimwa. Fundi asiyejua hili hubadilisha swichi bure.

Nyaya na soketi za rangi ya njano za mifuko ya hewa ya usalama zisiguswe na taa ya majaribio kwa namna yoyote. Umeme mdogo unaweza kufyatua mfuko na kumjeruhi fundi. Nyaya za kompyuta ya gari nazo zipimwe kwa mita ya dijitali tu.

BETRI INAYOKUFA USIKU

Dereva anayelala Naluwerere au kwenye foleni ya mpaka na kukuta betri haina nguvu asubuhi hukimbilia kununua betri mpya. Mara nyingine betri si mbovu. Kabla ya kununua, vipimo vitatu vinatosha.

Kwanza, volti za betri gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa. Betri ya volti 12 iliyojaa huonesha 12.6 hivi. Ikionesha 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 imekwisha. Pili, injini ikiwa inaunguruma, mita ioneshe kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, alteneta haichaji, au mkanda wake unateleza, au waya wake umelegea. Ikizidi 15, alteneta inachaji kupita kiasi na itachemsha betri na kuunguza balbu. Kwa lori la volti 24, tarakimu hizi huzidishwa mara mbili.

Tatu ni kupima uvujaji. Mita inawekwa kwenye kipimo cha ampea 10, kisha inaungwa kati ya kichwa cha hasi cha betri na kebo yake, gari likiwa limezimwa na milango imefungwa. Baada ya nusu saa hivi, kompyuta za gari zikishalala, kipimo cha kawaida hakizidi ampea 0.05. Kwa uvujaji huo mdogo, betri ya ampea-saa 60 ingechukua siku 50 kuisha. Lakini ikiwa mita inaonesha ampea 1, betri hiyo itakuwa tupu baada ya saa 60, na gari litashindwa kuwaka mapema zaidi ya hapo. Fyuzi zinatolewa moja moja hadi kipimo kishuke. Ile inayoshusha kipimo ndiyo ya kufuatwa. Mita ikiwa imeungwa hivyo, stata isipigwe kamwe, kwani mita itaungua.

Wanaovuja mara nyingi ni vifaa vilivyoongezwa, yaani redio, king'ora na vifaa vya kufuatilia. Alteneta yenye dayodi mbovu nayo hula betri usiku, na hiyo haionekani kwa kutoa fyuzi ndogo. Inagundulika kwa kuchomoa waya wa alteneta, baada ya kuondoa kichwa cha hasi cha betri kwanza.

MALORI YA VOLTI 24 NA TRELA

Malori ya masafa marefu yana betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa kupata 24. Tatizo la kawaida huanzia pale mtu anapotaka redio au chaja ya volti 12 na kuchota umeme katikati ya betri hizo mbili. Redio inafanya kazi, lakini betri moja inaliwa zaidi ya mwenzake. Alteneta inachaji zote kama kitu kimoja, hivyo iliyoliwa haijai na ile nyingine inachajiwa kupita kiasi. Baada ya miezi michache betri zote mbili zinakufa na lawama zinamwangukia muuza betri. Dawa ni kifaa cha kushusha umeme kutoka 24 hadi 12, ambacho bei yake ni ndogo kuliko jozi ya betri za lori.

Upande wa trela, shida kubwa ni plagi. Kwenye plagi ya kawaida ya pini saba ya volti 24, pini namba 1 ndiyo ya kurudi kwenye bodi, na waya wake kwa kawaida ni mweupe. Pini hiyo ikishika kutu, umeme wa taa zote za trela hutafuta njia nyingine ya kurudi. Dalili yake haifichiki: dereva akikanyaga breki, taa za pembeni zinafifia au indiketa zinamulika kidogo. Wengi huona balbu ndizo mbovu na kuzibadilisha zote, kumbe tatizo ni pini moja.

Kipimo chake ni rahisi. Taa ikiwa imewashwa, mita inawekwa kati ya hasi ya betri na chuma cha taa inayofifia. Inatakiwa kuonesha karibu sifuri. Ikizidi nusu volti, njia ya kurudi ni mbovu. Ikumbukwe pia kwamba trela haipaswi kutegemea chuma cha maungio yake na kichwa cha lori kurudisha umeme, kwa sababu pale pana grisi na huchezacheza.

MATENGENEZO YANAYODUMU

Waya uliosokotwa kwa vidole na kufungwa utepe ni wa dharura, si wa kudumu. Utepe hupata joto, gundi inayeyuka, unafunguka, na shaba inabaki wazi. Kiungo kizuri hubanwa kwa koleo maalum au kulehemiwa kwa risasi, kisha hufunikwa na mpira unaosinyaa kwa joto. Pale palipo na maji na vumbi, fungu la nyaya lipitishwe kwenye bomba la plastiki lenye mikunjo na kufungwa lisining'inie.

Unene wa waya ulingane na kazi. Mtu anayebadilisha balbu za wati 55 na kuweka za wati 100 anaongeza mzigo kutoka ampea 9 hadi karibu 17 kwa taa mbili. Nyaya na swichi za kiwandani hazikupangiwa kiasi hicho. Taa zenye nguvu zinahitaji rilei yake, waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi iliyowekwa karibu na betri. Fyuzi ikiwekwa mbali, kipande chote cha waya kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi.

Wanunuzi wa spea kwenye Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au eneo la Kisekka jijini Kampala wanashauriwa kuchunguza waya kabla ya kulipa. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Ukikwanguliwa kwa kisu, ndani ni mweupe. Hupitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene uleule, hukatika upesi ukikunjwa, na haushiki risasi vizuri. Plastiki nene pia inaweza kudanganya, kwani kinachobeba umeme ni shaba iliyomo ndani.

Kabla ya kazi yoyote, kichwa cha hasi cha betri hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho. Sababu ni kwamba spana ikigusa bodi wakati wa kufungua chanya huku hasi ikiwa imeungwa, hiyo yenyewe ni shoti ya betri nzima. Vilevile betri isitolewe injini ikiwa inaunguruma ili "kupima alteneta", kama wengine wafanyavyo. Umeme wa alteneta hupanda ghafla na unaweza kuua kompyuta ya gari.

Wakati wa kuazima umeme kutoka gari jingine, chanya huungwa kwa chanya, na waya wa hasi wa mwisho huungwa kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Betri inayochajiwa hutoa hewa ya hidrojeni inayolipuka kwa cheche. Gari la volti 12 lisiungwe kwa lori la volti 24.

MZIGO ULIOFUNGWA LAKIRI

Kwa gari linalobeba mzigo wa transiti, kutengeneza umeme kuna upande wa kisheria. Tangu mwaka 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa zikifuatilia mizigo hiyo kwa mfumo wa pamoja wa kielektroniki, na lori linalosimama kwa muda mrefu mahali pasipotarajiwa huonekana. Dereva aliyekwama anashauriwa kumpigia wakala wake wa forodha mapema, kabla hajatafutwa.

Taa za nyuma, plagi na nyaya za chasi hutengenezwa bila kugusa lakiri. Lakini kama waya unapita ndani ya sehemu ya mzigo, mlango usifunguliwe bila idhini ya maofisa wa forodha. Kukata lakiri ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na maelezo kwamba fundi alikuwa anatafuta shoti hayatoshi kumwondolea dereva lawama.

Bima nayo ieleweke. Kadi ya Njano ya COMESA inahusu madai ya watu wengine waliopata madhara katika nchi gari linakopita. Lori lenyewe likiungua kwa shoti, au mzigo ukiteketea, mwenye mali anahitaji bima kubwa ya gari na bima ya mzigo. Wenye bima hizo wanafaa kutunza risiti za mafundi, kwa kuwa kampuni ya bima inaweza kuuliza nani alifunga vifaa vya ziada na lini.

MOTO UKIANZA

Harufu ya plastiki inayoungua ni onyo la dakika chache. Dereva asimame pembeni, azime injini na taa, atoe watu, kisha aondoe kichwa cha hasi cha betri kama anaweza kukifikia bila kuungua. Betri ikiendelea kuungwa, shoti huwasha upya moto uliozimwa. Boneti isifunguliwe wazi kwa ghafla, kwani hewa huchochea moto. Inatosha kuiachia kidogo na kupuliza kizima moto cha unga kupitia upenyo. Pembetatu za tahadhari ziwekwe mbali nyuma ya gari. Matawi ya miti peke yake hayaakisi mwanga usiku.

Penye mafuta yaliyomwagika kanuni inabadilika. Mnamo Agosti 10, 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, nchini Tanzania, na watu wakakusanyika kuchota petroli. Lori lililipuka na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Mashuhuda walionukuliwa na vyombo vya habari wakati ule walieleza kuwa kuna mtu alikuwa akijaribu kunyofoa betri. Kebo ya betri ikiguswa hutoa cheche, na mvuke wa petroli hauhitaji zaidi ya hapo. Kwenye ajali ya lori la mafuta, betri haiguswi na mtu asiye wa zimamoto. Kazi ya kila mtu ni kuondoka na kuwazuia wengine wasisogee.

KABLA YA KUONDOKA

Ukaguzi ufuatao unachukua robo saa na hauhitaji fundi:

- Vichwa vya betri vimekaza, havina unga mweupe au wa kijani, na betri yenyewe imefungwa isicheze.
- Taa zote za gari na trela zinawaka, na breki ikikanyagwa hakuna taa nyingine inayofifia.
- Fyuzi zote ni za rangi inayotakiwa, na hakuna iliyofungwa waya au karatasi.
- Hakuna waya unaoning'inia chini ya chasi au kugusa bomba la moshi.
- Injini ikiunguruma, mita inaonesha alteneta inachaji.
- Ndani ya gari kuna fyuzi za akiba za kila ukubwa, taa ya majaribio, utepe, kizima moto na pembetatu mbili.

Fyuzi ikiungua mara moja inaweza kubadilishwa kwa nyingine ya ukubwa uleule. Ikiungua mara ya pili, safari isimame hapo hapo penye mji, iwe ni Nalufenya, Iganga au Tororo, hadi mahali waya unapogusa chuma papatikane. Gharama ya fundi na saa mbili za kusubiri mchana mjini haiwezi kulinganishwa na lori lililozimika taa katikati ya Mabira saa saba usiku.